Samaki mwenye watoto mdomoni: kalenda ya Virunga ni kalenda yetu

(Maneno niliyoyasema mbele ya vijana wenzangu hapa Butembo, mwezi wa tisa 2025, mvua zilipoanza. Wale ambao hawakufika waliomba yaandikwe. Ni haya.)



Asanteni kwa kufika na mvua hii. Naona wengine mko na matope hadi magotini, wengine bado munajikausha pale karibu na mlango. Si mbaya. Leo nataka tuzungumze juu ya mvua yenyewe, kwa hiyo imekuja kunisaidia.

Wengi wenu munanijua. Nilimaliza chuo, niko na diploma ya mazingira ndani ya mfuko wa plastiki chini ya kitanda, na kazi sina. Kinacholisha nyumba yetu ni samaki. Mama anauza samaki sokoni tangu nikiwa mtoto, samaki wanaopanda kutoka Kyavinyonge, kule chini kwenye Ziwa Edouard. Minervali yangu yote, tangu shule ya msingi hadi chuo, ilitoka ndani ya beseni lile.

Sasa, Kyavinyonge iko wapi? Iko ndani ya mbuga ya Virunga. Kwa hiyo mimi nimesomeshwa na Parke, na sikulijua jambo hilo mpaka nilipokuwa mwaka wa pili chuoni. Nilikuwa nafikiri, kama wengi wetu, kwamba Parke ni mahali pa wazungu na sokwe, mahali pa magari ya kijani yenye bunduki. Ni kitu cha watu wengine. Leo nataka niwaonyeshe kwamba Parke iko na kalenda yake, iliyoandikwa na mvua, na kwamba sisi wa mjini tunaishi ndani ya kalenda hiyo bila kuisoma. Na tusipoisoma, tutalipa. Tumeshaanza kulipa.

Tuanze na mvua.

Mstari wa ikweta unapita juu ya Virunga. Jua linapita wima juu ya vichwa vyetu mara mbili kwa mwaka, mwezi wa tatu na mwezi wa tisa, na ukanda wa mvua unalifuata. Ndiyo maana tuko na misimu minne na si miwili: mvua ya mwezi wa tatu hadi wa tano, kiangazi cha mwezi wa sita hadi wa nane, mvua ya mwezi wa tisa hadi wa kumi na moja au wa kumi na mbili, halafu kiangazi kifupi cha mwezi wa kwanza na wa pili. Bibi zetu hawakuhitaji chuo kwa kulijua hilo. Walijua siku ya kupanda maharagi.

Lakini mvua hiyo haianguki sawasawa. Virunga ni ndefu, karibu kilomita 300 kutoka kusini hadi kaskazini, na inapanda kutoka mita 700 hivi kwenye bonde la Semuliki hadi mita 5,109 kwenye kilele cha Rwenzori. Miteremko ya Rwenzori ya upande wetu wa magharibi inaweza kupata milimita 3,000 za mvua kwa mwaka. Tambarare za Rwindi na ufuko wa Ziwa Edouard, ambazo ziko chini ndani ya bonde, zimezungukwa na milima inayokamata mawingu, hazifiki hata 1,000. Theluji, msitu wa mianzi, majani makavu na ziwa, vyote ndani ya mbuga moja. Mnyama wa Virunga akikosa chakula hapa, kwa kawaida kiko pale. Ujanja wake wa kuishi ni kutembea kwa wakati unaofaa.

Tazameni sokwe wa kule kusini, upande wa Mikeno. Mvua ikinyesha, machipukizi ya mianzi yanatoka ardhini, laini na yenye maji. Familia nzima ya sokwe inateremka kwenye mianzi, inakula mpaka inashiba. Machipukizi yakiisha, wanarudi kwenye majani mengine juu zaidi. Hakuna anayewaambia tarehe.

Tazameni tambarare. Kiangazi kikifika majani yanakuwa ya njano, magumu, moto unapita. Majivu yakipoa na umande kidogo ukianguka, yanaota majani mafupi ya kijani, na hapo swala na nyamera wanakusanyika, juu majani mapya ndiyo yenye nguvu. Moto ukipita kwa wakati wake ni kama jembe. Ukipita wakati mbaya, ama ukiwashwa kila juma na wawindaji haramu, unaua viota na miti michanga na unaacha udongo uchi, ukingojea mvua iuchukue.

Tazameni tembo. Mwaka 2020 tembo wapatao 580 walivuka kutoka mbuga ya Queen Elizabeth upande wa Uganda, wakaingia Virunga. Mpaka kwao ni mto tu. Walikuta vichaka vimefunga tambarare, wakavivunja, na majani yakarudi, na wanaokula majani wakarudi nyuma yao. Tembo alifanya kazi ambayo hata mradi wa mamilioni ya dola ungeshindwa kuifanya.

Na kuanzia mwezi wa kumi, angalieni juu. Ndege wanaokimbia baridi ya Ulaya, na hata ya Siberia, wanashuka kwenye tambarare za Virunga. Wanasafiri maelfu ya kilomita bila viza kuja kula wadudu wetu wa mvua, na mwezi wa tatu wanarudi.

Munaona? Kila mmoja ana tarehe zake. Sasa turudi kwenye beseni la mama.

Ziwa Edouard linalishwa na mito ya Rutshuru, Rwindi, Ishasha na mingine, na maji yake yanatoka kwa mto mmoja tu, Semuliki, ambao unapita kaskazini hadi Ziwa Albert, halafu Nile. Mvua ikianza, mito inajaa, inaleta udongo na majani yaliyooza, na ufuko unafurika kwenye nyasi. Hiyo ndiyo saa ya samaki. Kambare (samaki ambaye jina lake linakaribiana na la nusu ya vijana walioketi hapa), huyo anangojea mafuriko ili apande kwenye maji mafupi kuzaa. Tilapia anazaa karibu mwaka mzima, lakini mvua zinamwongezea nguvu, na mahali anapotaka ni palepale, maji mafupi ya pembeni, yenye joto.

Na tilapia wetu yuko na tabia moja ambayo ningependa kila mmoja arudi nayo nyumbani. Mama tilapia hayaachi mayai yake. Anayakusanya ndani ya kinywa. Yanaanguliwa humo mdomoni, na watoto wakishaanza kuogelea, hatari ikitokea wanarudi mbio ndani ya kinywa cha mama yao. Siku zile zote yeye hali karibu kitu.

Nilipokuwa mtoto niliwaona. Mama alikuwa anapasua samaki asubuhi, na wakati wa mvua mara nyingine alifungua kinywa cha samaki na vitu vidogo vidogo vilianguka kwenye maji ya beseni, vyeusi, na macho. Mimi nilicheka. Nilimuuliza ni nini. Akanijibu: "Ni watoto wake. Hakuwatapika, wavu ulimukamata mbio." Halafu akaendelea kupasua, juu wateja walikuwa wanangojea.

Na wateja, tuseme ukweli, wanapenda samaki wa mvua. Wanapenda mwenye mayai tumboni. Mimi mwenyewe niligombana na dada zangu juu ya mayai yale. Tulikuwa tunakula mwaka ujao, na tulikuwa tunagombea nani apewe sehemu kubwa.

Miaka imepita. Siku hizi mama anarudi na samaki wa kiganja. Anawapanga wengi ili beseni lionekane limejaa. Hakuna mtu aliyemwibia. Ni kalenda tu iliyovunjwa, mwaka baada ya mwaka.

Nani ameivunja? Hapa ndipo naomba tuwe wavumilivu, juu ni rahisi kusema "wavuvi" halafu tukarudi nyumbani.

Wa kwanza kuondoka alikuwa kiboko. Katika miaka ya 1970 Virunga ilikuwa na viboko zaidi ya 25,000, hakuna mahali duniani palipokuwa na wengi hivyo. Kiboko anakaa majini mchana, usiku anatoka, anakula majani kilo 40 hivi, na kabla ya jua kupanda anarudi ziwani na kuyaacha mengi majini. Fikirieni viboko 25,000, kila usiku. Ni mbolea inayolisha vidudu vya maji, na vidudu vinalisha samaki wadogo. Kiangazi, mito ikipungua na mvua haileti kitu, kiboko ndiye aliyekuwa anaendelea kulisha ziwa. Vita vilipokuja, wenye silaha wa kila rangi waliwapiga kwa ajili ya nyama na meno. Mwaka 2005 walikuwa wamebaki chini ya 1,000. Wamekuwa wakirudi polepole, halafu mwezi wa nne mwaka huu viboko 50 hivi wakakutwa wamekufa upande wa mto Ishasha, kwa ugonjwa wa kimeta. Munaelewa maana ya kupoteza 50 mahali palipobaki wachache.

Wa pili ni nyavu za matundu madogo, na zile zinazokokotwa kutoka ufukoni, ambazo zinapita palepale tilapia anapotunza watoto. Nyavu hizo haziotani ziwani, wandugu. Zinapita mpakani, zinapita mjini, zinauzwa mchana. Askari anamsubiri mvuvi ziwani, na hakuna anayemsubiri mwenye duka.

Wa tatu ni ushuru. Mvuvi anayeshuka majini analipa huku na huku, kwa wenye karatasi na kwa wasio na karatasi. Analipa akitoka na analipa akirudi. Mtu anayelipa kila siku hawezi kupumzika hata siku moja. Ukimwambia, "Ndugu yangu, acha maji mafupi miezi miwili, tilapia azae," atakuuliza, "Na wale wanaonidai, wao watapumzika?" Ziko kambi tatu tu zinazoruhusiwa kuvua upande wetu: Kyavinyonge, Vitshumbi na Nyakakoma. Lakini vita vimesukuma watu ziwani, kwa sababu mashamba yao hawawezi kuyafikia. Kusini kuna M23, kaskazini kuna ADF, na makundi mengine katikati. Mkulima aliyekosa msimu wa kupanda anashuka kutafuta samaki msimu huohuo, na ndio msimu ambao samaki anahitaji kuachwa.

Nataka hilo muliweke moyoni. Vita haviui watu na wanyama tu. Vinavuruga kalenda. Vinamzuia mtu kufanya jambo linalofaa kwa wakati wake.

Na juu ya hayo yote, mbingu nayo inabadilika. Barafu ya Rwenzori, ile nyeupe ambayo watu wa Mutwanga wanaiona asubuhi mawingu yakifunguka, ilienea kilomita za mraba 6 na nusu hivi mwaka 1906. Kufikia mwaka 2003 ilikuwa chini ya kilomita moja. Karne moja, na imekwisha karibu yote. Mashangazi zetu wanaolima wanasema mvua siku hizi inadanganya: inaanza, wanapanda, inakata juma mbili, mbegu inaoza ama inakauka, halafu inarudi kwa hasira na kubomoa barabara. Sokwe anaweza kupanda juu kidogo. Tembo anaweza kuvuka. Samaki wa Ziwa Edouard ataenda wapi?

Najua mtu atauliza: sasa sisi tufanye nini, sisi ambao hatuna hata pesa ya krediti ya simu?

Nilimuuliza mama kwanza. Nilimwambia, "Mama, uache kununua wale wadogo." Alinitazama kwa muda. Akasema: "Nikikataa mimi, yule wa beseni ya pili atanunua. Na jioni mutakula nini, diploma yako?"

Nilinyamaza, juu alikuwa na haki. Mwenye beseni moja hawezi kurekebisha ziwa. Ndiyo maana tuko na harakati ya raia: kuna mambo ambayo mtu mmoja akiyafanya anakufa njaa, lakini wote wakiyafanya siku moja, wanaishi.

Kwa hiyo niko na mambo matatu.

La kwanza, tuombe, na tukiombe kwa jina lake: pumziko la ziwa. Si kufunga ziwa lote, hapana. Ni kufunga maji mafupi na midomo ya mito kwa majuma machache ya mvua, mahali na siku zilizochaguliwa pamoja na wavuvi wenyewe, ambao wanajua wapi tilapia anatunza watoto kuliko sisi wenye diploma. Na siku hizo za pumziko, mvuvi asidaiwe chochote na mtu yeyote. Pumziko linalolipiwa ushuru si pumziko.

La pili, tuombe orodha. Kila ushuru wa halali unaodaiwa kwa mvuvi na kwa mama wa beseni, kutoka ziwani hadi sokoni, uandikwe ukutani, kwa Swahili, na kiasi chake. Kisichoandikwa kisilipwe. Na nyavu haramu zitafutwe kwanza pale zinapouzwa mjini, si tu pale maskini anapozitupa majini.

La tatu ni la kwetu sisi, na halihitaji barua kwa mtu yeyote. Ni daftari. Tangu mwezi wa sita nimeanza. Kila Jumamosi, kabla mama hajaanza kuuza, napima samaki kumi wa juu kwa rula ya shule, naandika urefu, naandika bei, naandika kama mvua ilinyesha juma hilo, na kama kuna mwenye watoto mdomoni. Ni kazi ya dakika ishirini. Nahitaji watu kumi, mmoja kwa kila soko kuanzia hapa hadi Beni na Kasindi. Tukishika mwaka mzima, mvua mbili na kiangazi mbili, tutakuwa na kalenda yetu wenyewe. Siku mkubwa fulani atakapotuambia "samaki wapo wa kutosha" ama "hakuna shida ziwani", hatutampigia kelele tu. Tutafungua daftari.

Mbuga ya Virunga imetimiza miaka 100 mwaka huu. Ilianzishwa tarehe 21 mwezi wa nne 1925, wakati wa Wabelgiji, kwa jina la mfalme wao, na babu zetu hawakuulizwa. Hilo ni kweli, na hasira ya watu waliotolewa kwenye ardhi yao haijaisha. Sitaki mtu anyamazishwe kwa sababu ya kupenda wanyama. Lakini zaidi ya walinzi 200 wamekufa wakiilinda, na wengi wao ni watoto wa Kivu hii, wenye mama kama mama yangu. Miaka 100 ya kwanza Parke iliamuliwa na wengine. Hii ya pili, kama hatuijui kalenda yake, itaamuliwa tena na wengine: na mwenye bunduki, ama na kampuni itakayokuja kutafuta mafuta chini ya ziwa, kama ilivyokwisha kuja mara moja ikaondoka kwa sababu watu walisema hapana.

Juma lililopita mama alinipa samaki mmoja. Hakusema kitu, alimweka tu pembeni ya rula. Nilifungua kinywa. Walikuwa humo, wadogo, wengi, sikuweza kuwahesabu. Nimeandika kwenye daftari: "Jumamosi, mvua ilinyesha siku tatu, mmoja mwenye watoto." Mama akauliza, "Umeandika?" Nikasema ndiyo. Akasema, "Basi na juma lijalo uje mapema, usinicheleweshe wateja."

Huyo ni wa kwanza kujiunga. Nahitaji wengine tisa kabla hatujatoka hapa. Daftari ziko kwenye meza pale mbele, na rula.